Wanaosubiri umbo la gari wana somo kwa walimu

Jumamosi moja alasiri nilikuwa nimeketi nje ya kibanda cha kinyozi mtaani Buruburu nikingoja zamu yangu. Hatua chache kutoka hapo, penye kivuli cha ukuta, waliketi wanaume wanne, vichwa vimekaribiana juu ya simu moja kama wazee wanavyokaribiana juu ya bao. Nilidhani wanatazama kandanda. La hasha! Walikuwa wakitazama mchoro wa gari ambalo halijaundwa.

Lilikuwa gari dogo la kukimbia, lile lisilo na buti ya kutokeza, ambalo kioo cha nyuma na mlango wake huinuka pamoja. Mchoro wenyewe ulikuwa wa kubahatisha. Kwa miaka kadhaa magazeti ya magari ya Japani yamekuwa yakikisia sura ya gari la namna hiyo ambalo huenda kampuni ya Toyota ikalitoa kwa kulifufua jina la zamani la Starlet. Picha hizo ni kazi ya wachoraji wa magazeti, wala hazikutoka kiwandani. Hata hivyo, wanaume wale walikuwa wamekwisha kulihukumu gari hilo kama mahakama inavyomhukumu mshtakiwa asiyekuwapo. Mmoja alisema taa za mbele ni nyembamba mno, zinalifanya lionekane limesinzia. Wa pili alitaka magurudumu ya nyuma yasukumwe hadi pembeni kabisa, ili gari lisimame kama chui anayejiandaa kuruka. Wa tatu alilalamika kwamba mstari wa madirisha unapanda upesi, hivi kwamba mtoto akiketi nyuma hataona chochote ila mbingu. Nimeyasanifisha maneno yao, maana Sheng waliyoitumia ingemtoa mhariri jasho.

Wa nne, ambaye alikuwa amenyamaza muda wote, aliichukua simu, akaukuza mchoro kwa vidole viwili, akasema: "Mlango huu wa nyuma hauwezi kufunguka. Paa limeshuka mno. Bawaba hazina mahali pa kukaa." Wenzake wakanyamaza. Kisha akainua uso, akaniona, akasema, "Habari yako, Mwalimu."

Nilimtambua, na nikaona haya. Sababu ya haya hiyo nitaieleza punde, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Kwanza nataka tujiulize: je, ni upuuzi watu wazima kupoteza alasiri nzima wakijadili umbo la gari ambalo halipo, ilhali hakuna hata mmoja wao mwenye gari? Wahenga walisema macho hayana pazia, na wengi wetu tungeishia hapo, tukatikisa kichwa na kwenda zetu. Maoni yangu ni kinyume. Naamini watu hawa ni wakosoaji wa sanaa na ufundi waliojifundisha wenyewe, bila darasa wala mwalimu, na kwamba ni shule zetu zilizowaacha wabaki wakosoaji badala ya kuwa waundaji.

Tuanze na gari lenyewe, maana haikuwa ajali kwamba linalosubiriwa Eastlands ni gari dogo. Biashara ya magari ilipofunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990, magari yaliyokwisha kutumika Japani yalianza kumiminika nchini, na Starlet ilikuwa miongoni mwa yale ambayo mtumishi wa kawaida aliweza kuyatamani bila kuchekwa. Ilinywa mafuta kidogo, iliegeshwa popote na kila fundi aliijua. Lakini ndani ya familia hiyo ya upole alikuwamo mtoto mtundu: Starlet GT yenye injini ndogo ya 1,331 cc iliyotiwa turbo, yenye nguvu za farasi zipatazo 135. Kwa gari jepesi kiasi kile, hizo zilikuwa nguvu za kutisha. Hapo ndipo vijana wa Jogoo Road walipojifunza kwamba gari dogo la maskini na gari la mbio laweza kuwa ndugu wa tumbo moja.

Mwaka 1999 Starlet ilimwachia nafasi Vitz, gari ambalo ng'ambo liliitwa Yaris. Umbo lake lilichorwa na Mgiriki Sotiris Kovos, aliyekuwa akifanya kazi katika studio ya Toyota barani Ulaya, na likatunukiwa tuzo ya Gari la Mwaka 2000 huko huko Ulaya. Sisi huku tulilipokea baadaye, likiwa limekwisha kuzeeka kwa wenyewe, tukalifanya gari la mwalimu, la muuguzi na la teksi. Simama leo penye mzunguko wa Donholm ukahesabu Vitz zinazopita, utachoka kabla hazijakwisha.

Kisha kukatokea jambo la ajabu. Mbio za Safari, zilizoanza mwaka 1953, ziliondolewa katika mashindano ya dunia baada ya mwaka 2002. Ziliporejeshwa Juni 2021, mshindi, Mfaransa Sébastien Ogier, alikuwa ndani ya Yaris. Mwaka 2022 Toyota ikachukua nafasi nne za kwanza. Kutoka 2021 hadi 2025, mshindi wa mbio zote tano aliendesha gari la jina hilo hilo. Kwa mtoto wa Umoja au Kayole, ilikuwa kana kwamba punda wa jirani anayebeba maji amekwenda Naivasha akawashinda farasi wote. Hapana shaka kwamba magari yale ya mbio hayafanani na Vitz ya mwalimu ila kwa jina na ukoo. Hata hivyo jina lina nguvu zake, na ukoo pia.

Hapa kuna elimu ambayo wasiopenda magari hawaijui. Januari 2020 Toyota ilionyesha gari liitwalo GR Yaris, lililobuniwa kwa kusudi la kuwa msingi wa gari la mbio. Yaris ya kawaida wakati huo ilikuwa na milango mitano. Hii ilipewa mitatu. Paa lake liliteremshwa kuelekea nyuma ili hewa ilifikie bawa la nyuma bila kizuizi na kuligandamiza gari chini, na likaundwa kwa nyuzi za kaboni ili uzito wa juu upungue. Sehemu ya mbele ilitokana na gari dogo na ya nyuma ikatokana na gari kubwa zaidi, na ndiyo maana mapaja ya nyuma yamefura vile. Injini ni ya silinda tatu, 1,618 cc, yenye turbo, na nguvu zinafika kwenye magurudumu yote manne. Kwa maneno mengine, kila kinachoonekana kama pambo kina sababu. Gari la mbio lililokusudiwa kuzaliwa kwake mwaka 2021 lilifutwa kwa sababu ya janga la korona, lakini gari la barabarani likabaki, na likapendwa.

Mkosoaji aliyetaka magurudumu yasukumwe pembeni alikuwa akisema kwa lugha ya chui yale ambayo mwalimu wa fizikia angeyasema kwa lugha ya kitovu cha uzito na upana wa kitako. Yule aliyemhurumia mtoto wa kiti cha nyuma alikuwa amegusa kanuni ya kwanza ya ubunifu, kwamba kitu huundwa kwa ajili ya mtu. Na yule wa bawaba alikuwa ameona kile ambacho mchoraji wa gazeti hakukiona: umbo halina budi kufunguka, kufungika, kupigiwa bolti na kufanyiwa ukarabati. Hayo ndiyo mambo ambayo wabunifu wa viwandani hubishana juu yake mbele ya sanamu ya gari ya udongo kabla ya bati lolote kukatwa.

Lakini kuna jambo linalowatofautisha wasubiri wa Eastlands na wa Tokyo au London. Wenzao wakisubiri gari jipya, wanasubiri kwa miezi. Sisi tunasubiri kwa miaka. Kwa mujibu wa kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, gari lililotumika haliruhusiwi kuingia nchini likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sheria haikumkataza mtu kuleta gari jipya. Bei ndiyo inayomkataza. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo thamani yake ya kutozwa ushuru inavyopunguzwa, na ushuru wa forodha wenyewe ulipandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, mbali na ushuru wa bidhaa na kodi ya ongezeko la thamani. Basi mnunuzi wa kawaida hungoja gari lifikie mwaka wa saba, likaribie mlango kufungwa, ndipo alipige mbio bandarini. GR Yaris iliyosajiliwa mwaka 2020 itaweza kuingia mpaka mwisho wa 2027 na si zaidi.

Miaka minane! Mwalimu mwenzangu, je, hesabu hiyo haikukumbushi kitu? Ndiyo muda ambao mtoto wetu alikaa katika shule ya msingi chini ya mfumo wa 8-4-4. Mtoto aliyeiona picha ya gari akiwa darasa la kwanza aliliona likishuka melini alipokuwa akiketi kwa mtihani wa darasa la nane. Kwa muda huo wote alikuwa na kazi moja tu: kutazama, kulinganisha na kungoja. Anayengoja miaka minane hujifunza mengi kuhusu umbo. Ila kama hakuna anayempa kalamu, elimu hiyo yote huishia machoni.

Sasa nifike penye haya yangu. Mwaka 2009 nilikuwa nikifundisha Kiswahili kidato cha pili katika shule moja ya Eastlands. Tulikuwa tukisoma ngeli. Nilipopita kati ya madawati nikamkuta kijana mmoja amegeuza daftari lake upande wa nyuma na anachora. Nikalichukua. Kurasa kumi na zaidi zilikuwa zimejaa gari moja dogo: limeonekana kutoka mbele, kutoka ubavuni, kutoka nyuma na kutoka juu. Alikuwa amepima urefu kwa vidole vyake na kuandika namba kandokando. Katika ukurasa mmoja alikuwa amechora mlango wa nyuma peke yake, umefunguka nusu, na bawaba mbili zimekuzwa ndani ya duara ili zionekane vizuri.

Nilizirarua kurasa zile mbele ya darasa. Nikasema maneno ambayo walimu tunayajua kwa moyo: kwamba gari hununuliwa na aliyesoma, hivyo asome kwanza. Darasa likacheka, naye akacheka pamoja nao, kama watoto wafanyavyo wanapotaka machozi yasionekane. Sikumwona akichora tena. Miaka miwili baadaye alifanya mtihani wake wa KCSE, akapata alama zisizotosha kumpeleka chuo kikuu, na mimi nikamsahau. Yeye ndiye aliyenisalimu nje ya kinyozi. Sasa ni fundi wa mabodi huko Kariobangi Light Industries.

Sisemi kwamba nisingezirarua kurasa zile angekuwa leo mbunifu huko Japani. Ningekuwa najitia umuhimu nisiokuwa nao. Ninachosema ni kwamba siku ile nilikuwa nimeshika mkononi kazi ya mwanafunzi aliyechora kitu kutoka pande nne kwa vipimo, jambo ambalo mwalimu wa michoro ya ufundi hulifundisha kwa muhula mzima, nami nikaiona kuwa takataka kwa sababu haikuwa ngeli. Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta, walisema wazee. Mimi nilimnyang'anya hata mvukuto.

Huenda msomaji akasema: lakini nchi hii haiundi magari, basi mtoto afundishwe kuchora gari ili afanye nini? Swali hilo lina majibu mawili, na yote yapo umbali wa nauli ya matatu kutoka Buruburu.

Jibu la kwanza ni la serikali. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi aliwataka wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Mwaka 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yalionyeshwa hadharani, na yalielezwa kuwa yaliweza kufikia kilomita 120 kwa saa. Kampuni iliyoundwa ili kuyazalisha kwa wingi ilikosa fedha. Mabaki yake yakawa kiwanda cha kuchonga vipuri kiitwacho Numerical Machining Complex, jijini humu humu. Mengi yamesemwa juu ya fedha, nami sina la kuongeza. Lakini ninayatafakari maneno yale ya mwanzo: hata likiwa na sura mbaya. Agizo hilo lilikuwa la unyenyekevu na la busara kwa namna yake. Hata hivyo lilibeba dhana ambayo shule zetu zimeirithi, kwamba umbo ni anasa itakayokuja baadaye, baada ya mambo ya maana kwisha. Wanaume wanne wa Buruburu wangemwambia mtu yeyote kwamba jicho ndilo linalopiga kura ya kwanza.

Fauka ya hayo, Desemba 2016 gari dogo la namna hii hii tunayoizungumzia, Volkswagen Polo Vivo, lilianza kuunganishwa katika kiwanda cha KVM mjini Thika. Ilikuwa hatua ya kheri, na mikono ya Wakenya iliyafunga magari yale kwa ustadi. Lakini kuunganisha si kubuni. Sanduku linafika na kila kipande kimekwisha kuamuliwa na mtu mwingine, mwenye jicho lingine, kwa barabara nyingine.

Jibu la pili ni la mtaa, na ndilo linalonipa moyo. Eastlands haikuwahi kukubali kungoja tu. Chukua matatu ya kisasa tunayoiita nganya, ambayo kaka zake wakubwa tuliwaita manyanga. Mara nyingi huanza kama fremu ya lori, injini na usukani, bila mwili. Mwili wote huundwa hapa nchini: fito za chuma huchomelewa, bati hukunjwa, kioo cha mbele hupangwa, taa hutobolewa mahali ambapo hakuna kiwanda kilichoamuru, kisha wachoraji huja na rangi za kupuliza. Ujenzi huo una sheria yake, kiwango cha KS 372 kinachosimamia mabodi ya magari ya abiria. Na nganya mpya inapokaribia kutoka, mtaa mzima hujua. Wanafunzi hubishana juu ya umbo lake kabla halijatoka kwenye geti la karakana. Ikifika barabarani, abiria huliacha basi tupu lipite wakaingoja hiyo, hata wakichelewa. Huo nao ni usubiri, lakini usubiri wa wiki na si wa miaka minane, na anayesubiri aweza kwenda kumwambia fundi uso kwa uso kwamba taa amezikosea.

Serikali iliwahi kuipiga vita sanaa hiyo. Kanuni za Waziri John Michuki, zilizotangazwa mwaka 2003 na kuanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni. Maisha ya watu yaliokolewa, na hilo halina mjadala. Lakini sura za matatu zikawa kama sare za shule, na wachoraji wengi wakakosa kazi. Ilikuwa mpaka mwishoni mwa 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta alipotamka kwamba vijana waachwe wachore. Miaka kumi ilipita kabla ya mamlaka kutambua kwamba usalama na uzuri si maadui.

Najua wako watakaonishutumu kwamba ninawapigia debe wapenda kasi. Barabara zetu huua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na si wachache kati yao ni vijana. Kila mwalimu wa Eastlands amewahi kusimama mbele ya darasa lenye dawati moja tupu. Shutuma hiyo naichukua kwa uzito. Lakini hebu tutazame ni nani hasa anayehatarisha maisha. Ni yule anayenunua Vitz kuukuu, akakata springi ili ishuke, akabandika bawa la plastiki nyuma na bomba la moshi la kupiga kelele, kisha akadhani ameunda gari la mbio. Amepata sura ya kitu bila sababu yake. Hajui kwamba bawa lile halina hewa ya kulishika, wala kwamba springi iliyokatwa itamsaliti penye shimo la kwanza la Outering Road. Ujinga wa umbo ndio uliomponza. Dawa ya ujinga tangu lini ikawa kunyamaza? Mwanafunzi aliyefundishwa kwa nini gari la mbio limepanuliwa nyuma atajua pia kwa nini la baba yake halifai kukata kona kwa mwendo ule.

Sasa tufanye nini? Hatuhitaji kusubiri kiwanda. Mfumo wa shule umebadilika: mtihani wa mwisho wa KCPE ulifanywa mwaka 2023, na mtaala wa umilisi umeigawa shule ya sekondari ya juu katika njia tatu, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa pamoja na michezo. Nimeusoma mgawanyo huo nikimfikiria yule kijana wa 2009. Angepelekwa wapi? Sanaa za kuchora zimewekwa katika njia moja, ufundi wa chuma na wa mitambo katika nyingine. Lakini gari, kiti, nganya, hata jiko la makaa la Gikomba, vyote huzaliwa pale kalamu na chuma vinapokutana. Wakuu wa elimu watasema kwamba mwanafunzi ana nafasi ya kuchagua somo nje ya njia yake. Vyema, basi nafasi hiyo ionyeshwe kwa sauti kubwa, na mwalimu anayewashauri watoto asimlazimishe mtoto wa namna hiyo akate mkono mmoja ili auokoe mwingine.

Na walimu wa masomo mengine tusijitoe lawamani. Mwalimu wa hisabati aweza kufundisha uwiano kwa kulinganisha urefu wa gari na kipenyo cha gurudumu. Mwalimu wa historia aweza kueleza ufunguzi wa biashara wa miaka ya 1990 kwa kuanzia na Starlet ya jirani. Nasi wa Kiswahili tuna deni kubwa zaidi. Mafundi wa Kariobangi wana msamiati mpana wa bawaba, fito, bampa, boneti, springi na mamia ya maneno mengine, ambao haumo katika vitabu vyetu vya kiada. Tukimwambia mwanafunzi aandike insha ya maelezo juu ya umbo la nganya moja aijuayo, atuambie ni nini kinampendeza na kwa nini, tutastaajabu jinsi anavyojua kuhoji. Hiyo ndiyo fasihi, na hiyo ndiyo fizikia, kabla hazijatenganishwa na kengele ya kubadilisha kipindi.

Nilipokwisha kunyolewa nilirudi pale penye kivuli. Nilimkumbusha mwanafunzi wangu wa zamani juu ya kurasa zile, nikamwomba radhi. Alisema amekwisha kuzisahau, jambo ambalo sikuliamini, kwa kuwa bawaba za mchoro wa simuni alizigundua upesi mno. Nikamwuliza kama angekubali kuja shuleni siku moja, awaonyeshe watoto jinsi mwili wa gari unavyopimwa na kuchorwa kabla ya chuma kukatwa. Alifikiri kidogo, kisha akasema atakuja, kwa sharti moja: watoto wapewe karatasi nyeupe, zisizo na mistari.

Sharti hilo nimelifikisha kwa mwalimu mkuu, na karatasi zimepatikana. Gari lile la mchoro huenda likaundwa, huenda lisiundwe. Likiundwa litatufikia likiwa limezeeka, nasi tutalipokea na kulipenda kama tulivyowapenda ndugu zake. Lakini wazee wa pwani walituachia neno: ukiona vyaelea, vimeundwa. Wenye macho ya kuona umbo wamejaa Eastlands, na hawakosi uvumilivu. Ni wajibu wetu tulioshika chaki kuhakikisha kwamba mtoto anayeyajua hayo yote kwa macho anapewa nafasi ya kuyajua kwa mikono, na kwamba hakuna mwalimu mwingine atakayeinama juu ya daftari lililogeuzwa upande wa nyuma akararua kabla ya kutazama.